Radi Akata Tiketi

Nje ya ukumbi wa video, ukutani, palikuwa na jina lake kwa herufi nyekundu zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza: RADI. Chini yake mchoraji alikuwa ameweka umeme, ambao kusema kweli ulifanana zaidi na ngazi iliyovunjika, lakini mwenyewe aliupenda. Kila asubuhi kabla ya kuingia kazini aliupapasa kidogo, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Filamu zilitoka mbali na ziliongea lugha ambazo pale ukumbini hakuna aliyezijua, na Radi naye hakuzijua. Hilo halikumsumbua mtu. Alikaa kwenye kiti cha chuma pembeni ya televisheni kubwa, rimoti mkono wa kushoto, maiki mkono wa kulia, na mtu wa kwenye filamu akifumbua mdomo tu, Radi anamtilia maneno. "Leo utanitambua! Ulidhani mimi ni yule wa jana?" Benchi zinalipuka. Siri yake ilikuwa moja. Kila filamu mpya aliiangalia kwanza peke yake, ajue nani atakufa na nani atamsaliti nani, kwa sababu mtafsiri akimsifu mtu nusu saa nzima halafu mtu huyo akageuka kuwa ndiye adui, watazamaji watamzomea mpaka mlangoni kwake.

Mkewe alikata tiketi. Miaka yote hiyo alikaa kwenye kijidirisha cha mlangoni, mgongo kwa filamu, masikio ndani. Watu walimwita Mama Mlangoni, naye aliitika.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya filamu moja ya vita. Ilikuwa na majeshi matatu, na Radi, kwa tamaa yake, aliyasemea yote matatu pamoja na farasi. Kesho yake akaamka hana sauti. Akifungua mdomo inatoka milio ya bawaba yenye kutu.

Mwenye Ukumbi, bwana mfupi ambaye kuona benchi tupu kulimuumiza kama jino, akaenda kwenye kijidirisha.

"Shemeji, shika maiki. Leo tu."

"Mimi? Nitasema nini?"

"Sema chochote. Kwani mumeo anasema nini?"

Radi alisikia, na alijua ametukanwa, lakini hakuwa na sauti ya kujibia.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya makarate, ya zamani, wateja wameshaila mpaka mifupa. Stelingi, shujaa mwenyewe, ni kijana mwenye kovu shavuni. Anakwenda kupambana na mwalimu mmoja mwenye ndevu, anapigwa mbele ya umati, anaanguka kifudifudi, mkanda wake unakatwa. Asubuhi yake anarudi kwa yule mwalimu, anachukua ufagio, anaanza kufagia uwanja. Hapo Radi alikuwa na maneno yake maarufu. "Mnauona huo ufagio? Ndani una kisu! Anajifanya mpole huyo, subirini!" Na ukumbi mzima humwitikia, "Kisuuu!"

Mkewe alipofika hapo alinyamaza. Watu wakasikia ufagio wenyewe, kwa mara ya kwanza, ukikwaruza mawe. Kisha akasema taratibu, kama anayeongea na jirani juu ya ua.

"Jana amepigwa, mmemwona wenyewe. Leo amekuja kumfagilia aliyempiga. Hakuna aliyemtuma. Iangalieni mikono, bado imevimba. Nadhani ameogopa kwamba akibaki nyumbani ataanza kumchukia mtu bure."

Halafu kinyozi wa jirani, mtu mwenye mabega kama kabati, akapenga kamasi. Alisema ni mafua. Ugonjwa huo uliwapata watu wengi sana siku hiyo, wote wa benchi za mbele.

Jioni, mezani, Radi alikuwa amepata nusu ya sauti, na akaitumia yote.

"Ule ufagio una kisu."

"Umewahi kukiona?"

"Kimefichwa! Kingeonekana kingekuwa kimefichwa?"

"Mbona filamu inakwisha hajakitoa?"

"Hakikuhitajika."

"Haya, baba watoto. Kunywa maji ya moto, koo lisikauke."

Mkewe angemjibu kwa ukali, Radi angepata nafuu. Upole ule ulimkaa kifuani kama tonge lisilotafunwa.

Koo likapona, lakini watu hawakupona. Wakifika kijidirishani wanauliza, "Leo anasema nani?" Wakiambiwa Radi, wanajikuna kichwa, wanakumbuka wameacha jiko likiwaka nyumbani. Mwenye Ukumbi akaamua kupima. Filamu moja, siku moja: mchana Radi, alasiri mkewe. Mchana, Radi alipiga kelele mpaka spika moja ikaanza kukoroma, na watazamaji walikaa wametawanyika kama meno ya kizee. Alasiri watu walikaa hadi sakafuni.

"Ndugu yangu, biashara haina undugu," Mwenye Ukumbi alisema, akiangalia viatu vyake. "Mtabadilishana viti. Shemeji maiki, wewe tiketi. Jumamosi ijayo naleta filamu mpya kabisa. Akiimudu, siku hiyohiyo mchoraji anakuja tupake ukuta."

"Mpake nini?"

"Ukuta una jina la mtafsiri, sivyo? Basi tutaandika jina la mtafsiri."

Radi akaenda kukaa kwenye kijidirisha. Kiti kilikuwa na mto mdogo alioushona mkewe, wenye umbo la makalio ya mkewe, na yeye hakuenea vizuri.

Wivu una ratiba yake. Wa Radi uliamka kabla yake. Alimwona mkewe asubuhi akitia asali kwenye chai, akajisemea, ahaa, anatunza koo. Asipotia asali: ahaa, anajiamini. Njiani watu walimsalimia mkewe kwanza, halafu yeye, kwa sauti ile ya kumsalimia mchukuzi baada ya mwenye mzigo. Fundi baiskeli, ambaye tangu wafahamiane hakuwahi kumtilia Radi upepo bure, sasa aliliangalia gurudumu la baiskeli ya nyumbani na kusema, "Hili ni la mama? Acha, nitalijaza." Na mbaya zaidi ilikuwa vicheko. Pale kijidirishani, mgongo kwa filamu, alivisikia vyote, akawa anavichambua kama mchele. Hiki cha heshima. Hiki cha huruma. Hiki, kile kikubwa kinachoanzia nyuma na kuvunjikia mbele, hiki kilikuwa changu!

Kinyozi ndiye aliyempa moyo, bila kukusudia, akimnyoa.

"Usinune, bwana. Stelingi si lazima apigwe kwanza? Asipopigwa filamu itakwisha dakika ya tano."

Wembe ulikuwa shingoni, kwa hiyo Radi hakutikisa kichwa, lakini ndani alisimama wima. Kumbe! Kumbe hii ni sehemu ya kupigwa tu! Amewasemea mastelingi wangapi? Wote wanaanguka, wote wanakwenda mahali pa upweke, wanafanya mazoezi magumu, wanarudi. Hakuna anayekata tamaa. Akatoka pale kichwa kinang'aa, akatafuta mahali pa upweke. Mlima haukuwepo. Palikuwepo uani kwake, nyuma ya kamba ya nguo. Akachukua ndoo, akaingiza kichwa, akaanza kunguruma humo ndani kuijenga sauti. "Leo utanitambua! Rudi hapa, mwoga we!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Jirani, mpo salama?"

"Tupo salama, dada," mkewe alijibu akianua nguo. "Anagombana na ndoo."

"Na nani anashinda?"

"Mpaka sasa, ndoo."

Wanawake wale wawili walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Radi, kichwani ndoo, alisikia kicheko kile mara mbili, cha nje na cha mwangwi.

Ilipofika Ijumaa uvumilivu wake wa stelingi ulikuwa umechanika kisigino. Mkewe alikuwa ameiangalia ile filamu mpya wiki nzima, akipika anaisema, akifua anaisema. Alikuwa nayo tumboni. Kesho angeimwaga, na mchoraji angeleta kopo lake. Ndipo Radi akakumbuka boksi la diski kuukuu la Mwenye Ukumbi. Humo mlikuwa na filamu moja ndefu, isiyo na picha kwenye kasha, ambayo yeye aliiangalia zamani mara mbili na haikuwahi kuoneshwa. Ilianza na milima na mtu juu ya farasi. Hii mpya nayo ilianza na milima na mtu juu ya farasi. Filamu nyingi huanza hivyo, farasi wamejaa huko.

Jumamosi alifungua ukumbi yeye, kama kazi yake mpya ilivyomtaka. Akatoa diski ya mkewe kwenye mashine, akaiweka chini ya ule mto, akaingiza ile nyingine. Akakaa juu ya mto.

Watu walikuja wengi. Aliwakatia tiketi kwa adabu ambayo hawakuizoea. Mchoraji alifika na ngazi na makopo yake, akaketi kivulini akisubiri kuambiwa. Mwenye Ukumbi akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Karibuni, ndugu zangu," sauti ya mkewe ikatoka kwenye spika, ya chini, yenye raha. "Huyu mnayemwona juu ya farasi anarudi kwao baada ya…" Ikakatika. "Baada ya safari." Ikakatika tena. "Ana jicho moja. Ana jicho moja, ndugu zangu."

"Tunaliona!" mtu akajibu, na watu wakacheka. Si kicheko kizuri. Radi alikijua.

Mkewe akajikaza. Mtu mwenye jicho moja, sura ile, upanga ule, atakuwa nani kama si adui? Akamfanya adui. Akamtilia sauti ya kutisha, akamfanya atishie kuchoma kijiji. Na watu walianza kumfuata, hadi yule mwenye jicho moja aliposhuka kwenye farasi, akaokota mtoto aliyeanguka njiani, akampangusa vumbi na kumpa tunda.

Kelele! "Adui gani huyu?" "Mbona anagawa matunda?" Miluzi. Mtu akapiga benchi kwa viganja. Kutoka nyuma kabisa, fundi baiskeli, yule wa upepo wa bure, akaanza: "Turudishieni Radi! Ra-di! Ra-di!"

Ukumbi mzima ukaitikia.

Radi alikaa juu ya mto wake akaisubiri furaha. Ilikuja, ikakaa kidogo kama mgeni aliyeacha gari likiunguruma nje, ikaaga. Jina lake lilikuwa likigonga mabati, vilevile alivyoota wiki nzima, na yeye bila kutaka alikuwa akipekua filamu zote kichwani, akimtafuta stelingi aliyewahi kubadilisha upanga wa mwenzake kabla ya pambano. Hakumpata hata mmoja. Waliofanya hivyo aliwakumbuka vizuri, aliwahi kuwasemea kwa sauti ya puani, na wote hufa dakika kumi kabla ya mwisho, tena kwa aibu.

Lakini miguu ilishainuka. Akaingia akitembea kwa madaha, kifua mbele, watu wakimpisha na kumpigapiga mabega. Alikuwa ameyaandaa atakayosema. Angesema, haya mke wangu, pumzika, kazi ina wenyewe.

Mkewe alimwona akija, akasimama. Hakulia. Hakununa. Akasogeza kiti kidogo kimkabili mumewe, akapangusa maiki kwa upande wa kanga, na kabla ya kumpa akaisogeza mdomoni.

"Ndugu zangu, hii imenishinda. Mwenyewe huyu hapa, mpigieni makofi, anaijua kazi."

Akamnyooshea.

Watu walipiga makofi kweli, lakini Radi aliwajua watu wake, masikio yake yalikuwa yamesomea hapo. Makofi yale yalikuwa ya mkewe. Alikuwa ameshindwa kwa dakika moja, na katika dakika hiyo moja amewapata wote upya. Na hakuwa ameenda mlimani, hakuwa ameingiza kichwa kwenye chombo chochote! Wivu uliokuwa umelala ukaamka na nduguze. Sauti amchukulie, watu awachukue, ukuta auchukue, sawa. Sasa hata kushindwa anajua kuliko yeye? Yeye ambaye amekuwa na wiki nzima ya kujifunza?

Aliitazama maiki. Akaona wazi kwamba akiishika atakuwa ndiye aliyeshindwa, na kila mtu ataiona filamu hiyo bila kuhitaji mtafsiri.

"Kaa," akasema.

"Nini?"

"Kaa, mwanamke! Kaa nikuambie."

Akamkalisha kwa kumbonyeza bega. Yeye akainama nyuma ya kiti, mdomo sikioni. Mkewe akafunika maiki kwa kiganja.

"Nani kabadilisha diski?"

"Mimi."

"Najua. Uliwasalimia wateja." Macho yake hayakutoka kwenye televisheni. "Hayo tutayaongea nyumbani. Sasa huyu mwenye jicho moja ni nani?"

"Ndiye stelingi. Aliibiwa mtoto wake wa kike akiwa mchanga. Anamtafuta."

"Na huyu mama anayefunga mlango?"

"Ndiye aliyeiba."

Mkewe akaondoa kiganja. "Ndugu zangu, nilimsingizia mwenye jicho moja, naye hajanikasirikia, angalieni anavyofunga farasi wake polepole. Mtu aliyepoteza mtoto hana haraka ya kitu kingine." Kelele zikashuka kama maji yaliyoondolewa motoni. Mtu akasema shhh.

Wakaendelea hivyo, Radi akinong'ona mfupa, mkewe akiuvisha nyama. Hakuna ngoma iliyopigwa, wala upepo kupeperusha nguo zake, kama inavyokuwa kwa mastelingi wanapofanya jambo la heshima. Magoti yalimuuma. Sikio la mkewe lilinukia kitunguu. Kutoka benchi la nne kinyozi akapaza sauti, rafiki yake kabisa huyo, "Radi, chuchumaa bwana, kichwa kinatuziba!" Akachuchumaa.

Akiwa chini hivyo aliona, kati ya miguu ya watu, mlango. Mwenye Ukumbi alikuwa akiangalia watazamaji walivyoinama mbele wote pamoja. Kisha akageuka, akamnyooshea mchoraji kidole gumba.

Filamu ilikuwa imefika pale pazito. Mwenye jicho moja amesimama mbele ya msichana mfanyakazi wa nyumba ile, na chumba kimejaa watu wenye panga. Sasa, mtu asiyeijua filamu hii angedhani anataka kumuua. Radi aliitazama shingo ya mkewe ikisubiri. Neno moja tu. Aseme "muuaji wake huyo," au hata anyamaze, akohoe, na benchi zote zingepiga miluzi mpaka ngazi ya mchoraji irudi kwao yenyewe. Neno lilikuja hadi kwenye meno. Alilisikia ladha yake, tamu.

"Ndiye binti yake," akanong'ona. "Amemtambua."

Mkewe akavuta pumzi. Mwenye jicho moja akapiga magoti na kuanza kusema kwa lugha yake, na mkewe akasema naye, midomo ikienda pamoja.

"Mwanangu. Jicho moja liliisha kwa kukutafuta. Hili la pili nimelibakiza nikuone."

Kilichofuata si kelele. Ni ile sauti watu wengi huitoa wakisahau kwamba wana majirani. Radi aliganda. Amelipata wapi neno hilo? Yeye aliiangalia filamu hii mara mbili nzima, sauti chini, peke yake, na hakuwahi hata kujiuliza lile jicho lilikwenda wapi! Wivu ukampanda kama kiungulia, ukafika kooni, na hapo ukakutana na kitu kingine kilichokuwa kikipanda kwa njia hiyohiyo. Macho yakamjaa. Akayapangusa kwa bahasha ya tiketi.

Nje, ngazi ikagonga ukuta.

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, kiganja juu ya maiki, bila kugeuka. "Lia baadaye. Huyu mwenye kofia nyeusi ni nani?"

"Huyo," Radi akasema, akivuta kamasi, "mwache kwanza. Mfanye mtu mzuri mpaka avuke mlango. Wampende kabisa. Halafu nitakubonyeza bega."